Shajara ya 404: gari ya Nanyamba na Safari Rally ya mjomba

Februari, mvua bado

Gari imeshaingia gereji hapa Magomeni, Mtwara, kwaiyo naanza kuandika. Ni Peugeot 404 saluni, ile yenye mapezi nyuma, ilikuwa imelala chini ya mkorosho kule Nanyamba miaka na miaka, mwenyewe alikuwa mwalimu, alipofariki familia wakaiacha palepale hadi nyasi zikatokeza kwenye sakafu. Tulienda na Canter, tukaipandisha kwa winchi ya mkono na mbao mbili, vijana wa pale wakawa wanauliza mnaenda kuipima kilo chuma chakavu? Nikawaambia hapana wadogo zangu, hii inaenda kutembea.

Lengo ni hili. Nataka hii gari ipite njia ya Mtwara, Newala hadi Masasi, zile kilomita 210 za barabara ya korosho, alafu irudi kwa Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja, mzunguko mmoja wa karibu kilomita 400, bila kuvutwa, kwa muda uliopangwa kituo kwa kituo kama walivyokuwa wanafanya Safari Rally ya zamani, zile mbio za magari za Afrika Mashariki. Kushindana na Subaru na Mitsubishi Evo za mbio za siku hizi hapana, siyo kazi ya 404. Na la pili, nataka kila anachokumbuka mjomba kuhusu mbio nikiandike wakati mikono yake iko kwenye gari ya aina ileile aliyojifunzia ufundi, maana nimeona akikaa tu kwenye kiti anasimulia kidogo, ila akishika spana anakumbuka mpaka rangi ya kopo la mafuta.

Mjomba kaizunguka mara moja, kagonga sili, ule ukingo wa bodi chini ya milango, kwa kidole, kaingiza mkono chini ya tangi. Kasema "mpwa, hii ilikaa juu, chumvi haikuifikia." Kweli, ingekuwa imekaa hapa Shangani au Mikindani karibu na bahari ingeshageuka unga.

Machi

Bodi. Sakafu upande wa dereva imeliwa, na sehemu ya kukalia betri. Zingine ni kutu ya juujuu tu. Kuna binti yuko nasi anasoma ufundi magari VETA, anachomelea vizuri kuliko vijana wengi ninaowajua, yeye ndo kakata bati jipya la sakafu na kulishona kipande kwa kipande ili lisipinde kwa moto. Kazi yake ukiipitishia mkono husikii mshono. Rangi itasubiri, tumepaka praima tu.

Pasaka

Leo hatukufanya kazi kubwa, ila nimeandika kuliko siku zote, maana Pasaka kwa mjomba ndo siku ya Safari.

Ilianza 1953, ikaitwa Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa malkia wa Uingereza, ikawa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikawekwa Pasaka wakati mvua iko njiani. Mwaka 1960 ikawa East African Safari. Hamna njia zilizofungwa kama siku hizi. Barabara ni hiyohiyo ya basi, ng'ombe, na mama mwenye ndoo kichwani. Unapewa muda wa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, ukichelewa unahesabiwa penati kwa dakika, mwenye penati chache ndo mshindi. Mchana na usiku. Wanapita Usambara, wanapita Mbulu, tope likikaa mlimani pale gari zinapangana kama foleni ya kivuko.

Mjomba alikwenda Dar kijana mdogo, katikati ya miaka ya 60, akaingia gereji moja kama kijana wa spana. Kulikuwa na mteja wao, mtu wa kazi zake za kawaida, ana 404 yake anaendea ofisini Jumatatu mpaka Ijumaa, na hiyohiyo ndo aliyoingia nayo kwenye mbio. Wakaitoa viti vya nyuma, wakafunga tangi la ziada, wakaweka bati chini ya injini, na nyuma juu ya bampa wakachomelea pa kukanyagia na vishikio viwili. Nikamuuliza vishikio vya nini mjomba? Akasema tope likizidi msomaji wa ramani anashuka, anapanda nyuma, anashika pale na kurukaruka ili matairi ya nyuma yapate uzito yashike chini, na gari ikianza kuchomoka hairuhusiwi kusimama, yeye abaki amening'inia hukohuko mpaka pakavu. Huyo ni mtu mwenye kazi ya ofisini wiki nzima. Ndo maana nawaheshimu sana waliokimbia enzi zile, walikuwa waridhaa, yaani wasiolipwa, kwa jina lakini kazi waliyoifanya hata profesheno wa leo hajaiona.

Alafu akaja kwa Bert Shankland. Huyu alizaliwa Scotland ila alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na ndo jina ambalo nasikitika vijana wetu hawalijui kabisa. Alishinda Safari 1966 akarudia 1967, yeye na Chris Rothwell, na gari ni 404. Kabla yake 404 ilishashinda 1963 na Nick Nowicki na Paddy Cliff, mwaka ule ziliondoka gari 84 zikafika 7. Saba! Na 1968 haohao Nowicki na Cliff wakachukua tena na 404, na mwaka huo pia zilizofika ni 7 tu. Mara nne kwa gari ya familia ambayo hapa Kusini ilikuwa inabeba magunia ya korosho na wagonjwa.

Nikamuuliza mjomba, Shankland alikuwa ana kasi kuliko wengine? Akakaa kimya kidogo akafuta mikono. "Kasi walikuwa nayo wengi. Yeye gari yake ilikuwa inafika."

Hilo neno nimeliandika kwa wino mkubwa ukutani gereji, GARI IFIKE, na kila tunachoamua kwenye huu mradi tunakipima kwa hilo. Watu wanapoongelea mbio wanaongelea dereva na usukani, sawa, ila Safari watu walikuwa wanaishinda au wanashindwa chini ya gari, kwa mtu aliyekaza nati vizuri na mtu aliyejua ni wapi aachie mguu ili shokapu isife. Na ndo sababu wageni wa Ulaya walikuja miaka yote na timu zao na hela zao wakawa wanapigwa na wakazi wa hapa. Hadi 1972 ndo Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa mgeni wa kwanza kushinda, akiwa na Ford Escort. Na hata baada ya hapo Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa ameshinda 1965 na Volvo iliyokwisha tumika, akaja kuchukua tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akachukua tano, 1973 alafu 1979 mpaka 1982 mfululizo, zote Datsun. Ile ya 1973 alilingana penati na Harry Källström, naye wa Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuchafua kadi kwa penati ya kwanza, akapewa Mehta. Yaani ushindi ukaamuliwa na nani alikaa safi muda mrefu.

Mjomba hizo za mwisho alizifuata kwenye redio tu. Kuanzia katikati ya miaka ya 70 Safari ikabaki Kenya, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Yeye akarudi nyumbani Mtwara. Anasema alirudi na sanduku la spana na radio.

Mei

Injini imeshuka. Hii injini imelala ubavu nyuzi 45 upande wa kulia, ndo maana boneti ya 404 iko chini na kabureta unaifikia kirahisi ukiwa umesimama. Ni 1618 cc, pistoni ya mm 84. Tulipofungua hedi tumekuta silinda ya tatu imeshika kutu, maji yaliingia.

Sasa hapa ndo utaelewa kwanini hii gari iliishi Afrika. Silinda zake ni silivu za maji, yaani mirija ya chuma inayozungukwa na maji, zimekaa kwenye bloku zinachomolewa. Huhitaji mashine ya kuchonga bloku ambayo hapa Mtwara kuipata ni shughuli, unanunua seti ya silivu na pistoni na ringi zake, unatoa za zamani, unaweka mpya, unapima zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, unafunga. Mjomba anasema enzi zake walishaifanya porini usiku kwa taa ya karabai. Binti wa VETA alikuwa hajawahi kuona injini ya hivyo, kawa anauliza maswali mazuri sana, babu kwanini hawatengenezi hivi tena, babu hii gasketi ya chini inazuia nini. Babu alifurahi mpaka akasahau chai.

Seti nimeipata kwa watu wa Gerezani Dar, imekuja na basi. Bei sitaki kuikumbuka, ila ni mali safi.

Mei mwishoni

Krenki imekwenda kusafishwa. Valvu zimesagwa. Tunasubiri beringi.

Juni, kusi inavuma

Injini imefungwa. Valvu tumeweka gepu mm 0.10 za kuingiza na mm 0.25 za kutolea, injini ikiwa baridi. Feni ya hii gari nayo ina akili yake, ina sumaku ya umeme, maji yakipata moto inajishika inazunguka na injini, yakipoa inajiachia. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameifunga moja kwa moja kwa boliti, nadhani sumaku ilikufa. Tumeisuka upya kwa waya mpya. Feni ikizunguka bure inakula nguvu, na kwenye kuvuka maji inarusha maji yote kwenye distribyuta na gari inazima katikati ya mto, kwaiyo hii siyo urembo.

Difu ndo iliyotuchukua muda. Difu ya 404 siyo kama ya Toyota, ndani ina skrubu nene ya chuma inayozungusha gia ya shaba nyeusi. Imara sana, haina kelele, ila inapata moto na ina masharti kwenye mafuta. Kiwanda kilikuwa kinataka mafuta ya asili ya mimea, jamii ya nyonyo, na usichanganye na mafuta ya kawaida ya gia. Mjomba anakumbuka harufu yake, anasema ukiingia gereji asubuhi unajua kabisa leo kuna 404 imefunguliwa difu. Tulipomwaga mafuta yaliyokuwemo yalitoka meusi kama lami, tukaosha kwa mafuta ya taa mpaka yakatoka meupe, tukaangalia meno ya shaba kwa tochi. Meno mazima! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Maana hiyo gia ukiikosa hapa ndo mwisho wa mradi.

Julai

Klachi na giaboksi. Wakati tumelala chini ya gari mimi na binti tunaingiza giaboksi, nikamsimulia ya Iringa.

Miaka ya nyuma nilikwenda Iringa kwenye rali, nilikuwa kijana wa sevisi kwa jamaa mmoja mwenye duka Dar aliyekuwa anakimbia na Corolla yake ya zamani. Waridhaa kabisa, petroli ya kwake, tairi za kwake, sisi mafundi tunalipwa ugali na nauli. Jioni ya siku ya kwanza giaboksi ikakataa gia ya tatu. Tukaanza kuishusha kwenye nyasi, baridi ya Iringa mnaijua, mikono haishiki nati, mmoja anamulika mmoja anashika uzito kifuani. Gari za jirani zetu zilikuwa za watu wenye uwezo, trela nzima la spea, genereta, hema. Kilichonishangaza mpaka leo ni kwamba fundi wao mkuu alikuja mwenyewe na taa akaiweka karibu yetu, akashika upande wa pili wa giaboksi bila kusema kitu. Tulimaliza usiku mkubwa. Kesho yake Corolla ilimaliza mbio ikiwa ya nyuma kabisa, na yule jamaa mwenye duka akalia machozi mbele ya mke wake kwa furaha. Mi nikasema hapa ndo nyumbani kwangu.

Kwaiyo nikisikia watu wanagawa mbio za waridhaa kule na za profesheno huku, naona wanagawa hela tu. Chini ya gari ni kazi moja.

Na sisi wa Kusini huu mchezo tumeucheza bila kujua. Waliosafiri Mtwara na Lindi kwenda Dar kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 wanakumbuka kivuko cha Ndundu, na hata baada ya daraja kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga kikaendelea kutesa watu miaka mingine mingi. Malori yamezama mpaka ekseli, abiria wanasukuma basi, madereva wanalala njiani na kuamka wanafunga minyororo kwenye matairi. Mzee wangu alikuwa tanboi wa lori wakati huo, alijua kuisoma tope kwa rangi, hii inabeba, hii inameza. Wale madereva wangepewa kadi ya muda na namba mlangoni wangewasumbua watu.

Agosti

IMEWAKA. Betri ilikuwa dhaifu kwaiyo mjomba akasema leteni hendeli, maana 404 ina tundu la hendeli mbele, akataka aizungushe mwenyewe, tukamkatalia, akazungusha kijana wetu mmoja, mara ya pili ikashika. Sauti yake nzito, inapumua taratibu. Mjomba akaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu akakaa hivyo muda mrefu anasikiliza.

Tumeitoa barabarani. Kwanza Mangamba na Naliendele, taratibu, kukaza nati tena baada ya moto wa kwanza. Alafu tukaipeleka Msimbati kwenye mchanga wa ufukweni, upepo tumepunguza kwenye matairi, nilitaka kuona joto linapanda kiasi gani ikifanya kazi ngumu kwa gia ya pili. Feni ikajishika yenyewe, mshale ukasimama, feni ikajiachia. Safi kabisa. Springi ndefu za hii gari ni kitu kingine, inayumba inayumba lakini tairi haliachi ardhi, ukipita shimo unasikia kwa mbali tu. Nimekaa nyuma ya usukani nikawaelewa Nowicki na Shankland bila kuelezwa na mtu.

Bati la chini ya injini limefungwa, mm 4, limekunjwa mbele lipande juu ili lisichote udongo. Na vishikio vya nyuma vipo, binti kachomelea kwa mchoro aliouchora mjomba kwa chaki sakafuni.

Agosti, jioni moja

Tumeangalia marudio ya Safari ya 2021 kule Naivasha, ile iliyoirudisha kwenye ubingwa wa dunia baada ya kutoka 2002. Thierry Neuville anaongoza na Hyundai, asubuhi ya siku ya mwisho shokapu ya nyuma ikafa, kwisha. Ogier akapita na Toyota akashinda, Katsuta wa pili. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa. "Miaka yote hiyo, mashine zote hizo, na bado ni ileile." Akanituma nikaangalie tena boliti za shokapu zetu za nyuma. Nilikwenda na tochi usiku huohuo, zote zimekaza.

Septemba

Korosho zinakaribia, malori yataanza kujaa njiani, na lami kutoka Mnivata kwenda Newala na Masasi inaendelea kujengwa. Naifurahia hiyo lami kwa moyo wote, mama zangu wa Tandahimba wameteseka na vumbi na tope vya kutosha, ila 404 nataka ipite kwenye vipande vya udongo vilivyobaki kabla havijafunikwa.

Mjomba katengeneza kadi ya muda. Kaichora kwa rula kwenye karatasi ngumu ya boksi, ina safu ya kituo, muda wa kufika, muda uliofika, penati. Vituo ni Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, Ndanda, Mtama, Mnazi Mmoja, Mtwara. Muda aliotoa kutoka Tandahimba kwenda Newala ni mkali, nilimwambia mjomba huu hautoshi, akasema ukitosha siyo Safari. Binti ndo msomaji wa ramani, mjomba atakaa Masasi kwa ndugu zetu na sanduku la spea kama kituo cha sevisi, kakataa kabisa kupanda gari, anataka kutusubiri.

Kilichobaki ni breki. Hii ni dramu miguu yote minne, na mteremko wa kushuka kutoka Newala hausamehe. Silinda za breki za nyuma zinavuja kidogo, raba mpya zimeshafika, mpira wa breki wa mbele kushoto nao tunabadilisha. Kesho asubuhi tunafungua dramu za nyuma, zikiwa na mfereji zinakwenda kukerezwa, alafu tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki na kushuka nayo mlima wa Mikindani ikiwa imebeba mifuko ya mchanga nyuma. Ikisimama sawasawa mara kwa mara bila kuvuta upande, tunapanga tarehe.